Sungura wa nyama na joto la kaskazi: jibu kwa mfugaji wa Mtama

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji mdogo wa sungura hapa Mtama, mkoani Lindi. Nilianza mwezi Mei mwaka jana kwa majike wanne na dume mmoja, nikikusudia kuuza nyama. Mizao ya kwanza ilikuwa mizuri, lakini tangu Desemba majike watatu wamepandishwa mara kadhaa na hawashiki mimba. Mmoja aliyezaa mwishoni mwa Desemba alipata watoto saba. Watatu walikufa kiotani katika juma la kwanza, na wanne waliobaki walianza kuhara siku chache baada ya kuwaachisha kunyonya, nikabaki na mmoja. Banda langu ni la mabati, liko kando ya nyumba, na ninawalisha matembele, majani ya mihogo na pumba. Jirani ananishauri nimuuze dume na kuagiza sungura wakubwa kutoka bara. Je, nifuate ushauri huo?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Dume usimuuze kwa sasa, na fedha uliyotaka kuagizia sungura wakubwa iweke kwanza, kwa sababu nionavyo mimi sehemu yake itahitajika kwenye paa la banda. Umeyaeleza matatizo yako kwa tarehe, na tarehe hizo ndizo zilizonisaidia kuliko kitu kingine chochote: mizao yako ilikwenda vizuri wakati wa kusi, upepo wa miezi ya ubaridi, ikaharibika kaskazi, upepo wa miezi ya joto, ilipoingia, na vitoto vikahara mvua za msimu zilipokuwa zimekolea. Nitaanza na joto, kisha nitakuja kwenye unyevu.

Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto la mwili wake hulipunguza kwa kuhema upesi na kwa masikio, ambamo mishipa ya damu imepita karibu sana na ngozi, na ndiyo maana wakati wa joto utamwona amejinyoosha kifudifudi, masikio yakiwa ya moto na pua ikichezacheza bila kupumzika. Hali anayoipenda ni nyuzi 15 hadi 21 hivi, ambayo sisi wa ukanda huu hatuipati isipokuwa alfajiri za Julai, na hata hivyo anaweza kuzoea zaidi ya hapo bila madhara makubwa. Kinachomwumiza ni joto linalopita nyuzi 30 siku baada ya siku. Hapo hula kidogo, hukua polepole, jike hupunguza maziwa, na dume hupata tatizo ambalo mfugaji halioni kwa macho, yaani mbegu zake hupungua na nyingi hutoka zikiwa hafifu. Huendelea kupanda kama kawaida, hata akaanguka ubavu kama ilivyo desturi yao, nawe ukaandika katika daftari kwamba jike amepandishwa, kumbe hakuna kilichopita.

Ubaya mwingine ni kwamba tatizo hilo haliondoki siku joto linaposhuka. Mbegu za dume huchukua takriban majuma saba kutengenezwa, kwa hiyo dume aliyeungua Januari huweza kuwa hana kitu mpaka Machi, ingawa Machi yenyewe imekuwa na mawingu na mvua. Miaka mingi iliyopita, nikiwa afisa mifugo kijana wilayani Masasi, nilikuta kikundi kimoja kikilalamika kama unavyolalamika wewe, nami bila kuuliza habari za banda wala za mwezi nikatamka kwamba dume wao ni mgumba. Wakamchinja siku ileile, wakanunua mwingine kwa bei kubwa, wakamweka mahali palepale chini ya bati lilelile, na mpaka mwisho wa Februari hapakuwa na mimba hata moja. Tangu hapo sikumhukumu tena dume yeyote wakati wa kaskazi.

Sasa turudi kwenye banda lako. Bati lililo wazi juani ni jiko, na likiwa chini, karibu na migongo ya sungura, mionzi yake huwafikia hata pale upepo unapopita. Ezeka kwa makuti au nyasi. Kama umeshaligharimia bati na hutaki kulitoa, liinue, kisha utandaze makuti juu yake kwa unene wa kutosha. Paa liwe refu, lishuke nje ya ukuta hatua moja ili mvua isirashe ndani, na ukuta wa upande unaopokea upepo uwe wa mianzi iliyoachana au wavu mtupu kuanzia usawa wa kiuno. Kivuli cha mwembe ni kizuri sana. Kivuli cha mkorosho kingekuwa kizuri vilevile, lakini nakukataza, kwa kuwa kuanzia Juni au hapo karibu watu wanapuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na baadaye dawa za wadudu, na vyote hivyo vitaangukia vyombo vya maji na majani ya wanyama wako. Kwa sababu hiyohiyo usikate majani ya kulishia chini ya mikorosho katika miezi hiyo, hata kama ni ya jirani anayekuhakikishia kwamba alipuliza juzi.

Vizimba vyenyewe viwe juu ya miguu, mita moja hivi kutoka ardhini. Kizimba cha jike anayenyonyesha kikiwa na urefu wa sentimita 90, upana wa 60 na kimo cha 45 kinamtosha. Sakafu iwe ya wavu mgumu wenye matundu madogo au ya fito za mianzi zilizolainishwa, zikiacha nafasi ya sentimita moja na nusu ili kinyesi kipite na mguu usinase. Miguu ya kizimba isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu. Nasisitiza hilo kwa sababu siafu wa huku hawasubiri: wakipanda usiku mmoja kwenye kiota chenye watoto wa siku tatu, asubuhi utakuta mifupa. Panya nao hula vitoto, na nyoka huvimeza, kwa hiyo usiache upenyo unaopitisha vidole viwili.

Dume mpe sehemu yenye ubaridi kuliko zote, hata kama ni ndani ya ukumbi wako wa nyuma. Wafugaji wengi humpa jike mahali pazuri na dume pembeni juani, kwa kudhani kwamba kazi yake ni ndogo. Saa za mchana wenye jua kali, gunia au kipande cha kanga kilicholoweshwa na kutundikwa upande unaotoka upepo hupunguza joto kwa kiasi cha kuonekana, na mwenye friji anaweza kugandisha maji kwenye chupa ya lita moja na nusu, akailaza kizimbani; utashangaa jinsi sungura anavyokwenda kujibanza nayo. Maji ya kunywa yasikatike. Jike mwenye watoto wa majuma kadhaa huweza kumaliza pamoja nao zaidi ya lita moja kwa siku. Najua kwamba kwa ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya kuhangaikia, hilo ni neno zito, lakini ni afadhali majike wawili wenye maji kuliko sita wenye kiu. Jike mwenye kiu hana maziwa, na aliyezaa akiwa na kiu huweza hata kuwatafuna watoto wake.

Kwa ajili hiyo mpango wako wa kupandisha ufuate upepo. Pandisha mara ya kwanza mwishoni mwa Aprili, joto linapoanza kulegea. Mimba ya sungura ni siku 31, ikitangulia au kuchelewa siku moja mbili, kwa hiyo watazaa mwishoni mwa Mei. Watoto wakifikisha majuma manne unaweza kumpandisha mama tena, kama hajakonda, na kuwaachisha wakiwa na majuma matano au sita. Kwa hesabu hiyo utapandisha Aprili, Juni na Agosti, na mara ya nne mwishoni mwa Oktoba iwapo banda lako limekuwa na kivuli cha kweli. Desemba hadi Machi wapumzishe. Vitabu vingi hutaja mizao mitano au sita kwa mwaka, na hiyo ni kwa watu wenye hali ya hewa nyingine na chakula cha kiwandani. Mimi ningekuwa Mtama ningehesabu mizao mitatu ya uhakika. Majike wanne, mizao mitatu, watoto watano wanaofika kuchinjwa katika kila mzao, jumla ni 60. Ukiwachinja wakiwa na kilo 2.2, kila mmoja hutoa nyama ya kilo 1.2 hivi, nawe umepata kama kilo 72 za nyama katika mwaka. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko inayosikika kwenye semina, lakini inaweza kutimia.

Kuhusu kupandisha kwenyewe, mpeleke jike kwa dume, usifanye kinyume chake, maana jike aliye nyumbani kwake hupigana. Fanya alfajiri. Kabla ya hapo mgeuze utazame uke wake: ukiwa mwekundu au wa waridi iliyoiva na umevimba kidogo, yuko tayari; ukiwa mweupe, mrudishe ungoje siku mbili. Jike wa sungura hutoa mayai baada ya kupandwa, saa kumi hivi baadaye, ndiyo maana wengi wetu humrudisha kwa dume mara ya pili jioni ya siku hiyohiyo. Siku ya 12 hadi ya 14 mpapase tumboni kwa upole, na ukigusa vitu kama gololi vinavyoteleza chini ya vidole, basi ameshika. Kama hukugusa kitu, lakini siku ya 16 au 18 ukamwona anajing'oa manyoya na kukusanya nyasi, usimwandalie kiota, kwani hiyo ni mimba ya uongo, ambayo hutokea sana dume anapokuwa na mbegu hafifu. Sitashangaa kama majike wako watatu wamefanya hivyo mwezi Januari.

Watoto watatu waliokufa kiotani wanaweza kuwa na sababu zaidi ya moja, nami siwezi kuiona nikiwa mbali. Watu wetu humlinganisha sungura wa kufugwa na yule wa porini, kumbe ni wanyama wawili tofauti: wa porini huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, akawaacha tu kwenye nyasi, na wa kufugwa huzaa watoto uchi, vipofu, ambao macho hufunguka siku ya kumi au ya kumi na mbili. Sanduku la kuzalia ni kwa ajili ya hao. Liweke siku ya 28, liwe na urefu wa sentimita 45, upana na kimo cha 30, na kwa joto letu usilifunge juu kote, tena toboa matundu upande wa chini. Tandika nyasi kavu zilizo laini. Nyuzi za makumbi ya nazi huonekana nzuri, lakini huviringika kwenye miguu ya vitoto na kuikata. Ukiona mama amejing'oa manyoya mengi mno mwezi wa joto na watoto wametawanyika huku wakihema, ondoa sehemu ya manyoya hayo.

Chungulia kiota kila asubuhi, mama akiwa ameshughulishwa na chakula, na utoe aliyekufa. Mama hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika tatu hadi tano, mara nyingi usiku wa kuamkia asubuhi, kwa hiyo usihangaike kwamba amewakataa kwa sababu hukumwona akiingia. Tazama matumbo: la aliyenyonya ni duara na limejaa, la aliyekosa limekunjamana. Majike wawili wakizaa pamoja, unaweza kuhamisha watoto kutoka kwa mwenye kumi kwenda kwa mwenye wanne katika siku tatu za kwanza. Kwa sababu hiyo ni vizuri kupandisha majike wawili wawili siku moja.

Sasa kuhara. Vitoto vya majuma manne hadi nane huuawa zaidi na koksidia, vijidudu vya utumbo na ini ambavyo mayai yake hutoka na kinyesi, hukomaa kwa siku chache yakipata joto na unyevu, kisha humezwa pamoja na majani yaliyochafuka. Mama huweza kuwa navyo bila kuumwa. Februari yenu ya mvua, matembele yaliyokatwa yakiwa na umande na kutupwa sakafuni, na kuachishwa kunyonya kwa ghafla, hayo matatu yakikutana hayahitaji msaada wa nne. Majani yote yakate leo, yanyaushe kivulini, uwape kesho au jioni, tena juu ya kichanja kilichoning'inizwa, kamwe yasiwe sakafuni. Wakati wa kuachisha, mtoe mama, watoto wabaki kwenye kizimba walichokizoea na chakula kilekile kwa juma moja. Sakafu isugue, uimwagie maji yanayochemka, kisha uianike juani. Dawa za kawaida za kuulia vijidudu hazifui dafu mbele ya mayai ya koksidia.

Kwa tiba, afisa mifugo wako ataweza kukupatia amproliamu au mojawapo ya dawa za jamii ya salfa zinazochanganywa kwenye maji. Hapa nina onyo ambalo kwa mikoa yetu haliepukiki. Salfa ya korosho, ule unga wa njano, haina uhusiano wowote na dawa za salfa zinazotibu koksidia, ijapokuwa jina linafanana. Nimekwisha kumkuta mzee mmoja ameuchanganya kwenye maji ya kunywa kwa nia njema kabisa. Onyo la pili ni kali zaidi: usimpe sungura amoksilini, ampisilini wala penisilini kwa mdomo. Vidonge vile vinavyopatikana kila duka la dawa huua bakteria wema walio ndani ya utumbo wa sungura, wabaya wakachukua nafasi, na mnyama akafa kwa kuhara ndani ya siku chache. Wengi wameua sungura kwa njia hii wakidhani ni ugonjwa uliowashinda.

Ukiwa unachinja, kagua ini. Madoa meupe au ya manjano kama punje ni alama ya koksidia ya ini. Litupe mbali na mbwa na kuku wasilisambaze, na nyama yenyewe inaliwa, kwani vijidudu hivyo havimwingii binadamu. Alama hiyo pia inakuambia usafi wa banda umelegea, hata kama hakuna aliyehara.

Ukurutu nautaja kwa ufupi kwa kuwa hukuuuliza, lakini utakuja. Magamba ndani ya masikio, au ukoko mweupe puani na kwenye nyayo, ni kazi ya utitiri. Ivamektini kwa sindano chini ya ngozi, ikirudiwa baada ya siku kumi hadi kumi na nne, huumaliza. Kipimo chake ni kidogo mno, kwa sungura wa kilo 3 ni takriban sehemu moja ya kumi ya mililita, kwa hiyo mwachie afisa mifugo, na usichinje mnyama aliyechomwa kabla ya mwezi kupita.

Chakula chako kina upungufu wa vitu vikavu vyenye nyuzi. Sungura ni mla nyasi, na pumba peke yake humchafua tumbo. Nyasi kavu ziwepo usiku na mchana. Mna majani ya karanga, ya kunde na ya mbaazi baada ya mavuno, mkiyachoma moto shambani huku mkinunua pumba. Yaanike, uyahifadhi mahali pakavu. Majani ya mihogo yana sumu yakiwa mabichi, hasa ya mihogo michungu, na kuyakausha vizuri huipunguza sana, basi yawe kiasi kidogo kati ya mengine. Majani ya mlonge na ya lukina, ule mti wa malisho, ni mazuri, lukina isizidi robo ya majani. Pumba gramu 100 kwa siku zinamtosha sungura mzima, na kwa anayenyonyesha ongeza mara mbili, ukichanganya na mashudu ya ufuta sehemu moja kwa pumba sehemu nne. Pumba au karanga zilizoota ukungu zitupe bila huruma, kwa maana sumukuvu humwathiri sungura upesi. Mabibo, ambayo watu huniuliza kila msimu wa korosho, yana sukari nyingi na huchacha mchana uleule, mimi siwapi. Wape chakula kingi jioni, kwa sababu wakati wa joto hula usiku. Na ukimwona sungura akiinamia mkia wake na kula kinyesi laini, mwache, hiyo ni sehemu ya mmeng'enyo wake.

Imebaki habari ya sungura wakubwa wa jirani yako. Flemish Giant anaweza kupita kilo 6, lakini mwili mkubwa hupoa kwa shida zaidi, hukomaa akiwa na miezi minane au tisa, hula sana, mifupa yake ni mizito, na uzito humletea vidonda vya nyayo kwenye sakafu ya wavu. New Zealand White au California, wenye kilo 4 hadi 5, ndio wa nyama, nao hupandishwa wakiwa na miezi mitano au sita. Hata hao usiwatoe kaskazini mwa nchi na kuwashusha Lindi mwezi Novemba. Walete Juni, ili wapate miezi kadhaa ya kuzoea. Ningependa zaidi utafute dume mmoja chotara aliyezaliwa hukuhuku, kwa mfugaji wa Nachingwea au Masasi, kwa kuwa mwakani utahitaji damu mpya kwa binti wa majike hawa, ambao hawafai kupandwa na baba yao.

Soko litajengeka ukiuza nyama iliyokaguliwa na kuchinjwa na mtu ambaye wateja wako wa Kiislamu wanamkubali. Ukikosa hilo, utauza kwa nusu ya mtaa.

Kuhusu dume wako, mhamishe kwenye ubaridi leo, umpumzishe mpaka mwishoni mwa Aprili, kisha umpe majike wawili, alfajiri na jioni, na uwapapase siku ya 14. Wakikosa wote, usikate tamaa, rudia mwishoni mwa Juni, maana huenda joto la Machi lilikuwa bado limo mwilini mwake. Wakikosa tena Juni hiyo ya kusi, mwezi ambao hana kisingizio, basi jirani yako alikuwa amesema kweli kwa nusu, na dume huyo atafaa kwa mchuzi wa nazi.